Kinywa, Tezi za Mate na Umio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wagonjwa wa Mtwara na Lindi

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki katika chumba cha meno na kliniki ya wagonjwa wa nje huku kusini, yakiulizwa na watu wa pwani ya Kilwa na Lindi sawasawa na wale wanaoshuka kutoka Newala na Tandahimba. Majibu hayachukui nafasi ya kupimwa, ila yatamsaidia msomaji kujua lipi linasubiri asubuhi na lipi halisubiri.

Jino lilikuwa linaniuma sana, sasa limenyamaza lenyewe bila dawa. Je, limepona?

Hapana. Jino lililotoboka halijizibi. Maumivu makali ya usiku, yale yanayomtoa mtu kitandani akazunguka uani huku ameshika shavu, hutokana na kuvimba kwa kiini cha jino, ambamo mna mishipa ya damu na ya fahamu, katika nafasi isiyoweza kutanuka. Yanapokoma ghafla, mara nyingi maana yake ni kwamba kiini hicho kimekufa, na vijidudu sasa vinashuka mzizini na kuingia mfupani bila kelele yoyote. Baada ya wiki au miezi hutokea kijipu kwenye ufizi, ambacho wengi hukitumbua kwa pini na kukisahau.

Gego la chini ndilo la kuogopwa zaidi. Uvimbe wake unaweza kusambaa chini ya kidevu pande zote mbili, ukausukuma ulimi juu, hadi mgonjwa ashindwe kumeza mate yake mwenyewe. Nilimpokea mvuvi mmoja aliyekuwa amemeza amoksilini za dukani kwa wiki mbili. Alifika ameinama mbele kwa sababu hakuweza kupumua akilala chali, mate yakimtiririka kwenye kanga aliyoikunja mapajani, na akizungumza kama mtu aliyejaza tonge mdomoni. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali usiku huo huo, kwa kuwa njia ya hewa inaweza kuziba ndani ya saa chache. Vidonge vilimpunguzia homa, lakini chanzo kilikuwa jino, na jino lilikuwa bado limo. Tiba ya jino bovu ni kulisafisha na kuliziba likiwa bado hai, kutibu mzizi wake kiini kikishakufa, au kuling'oa.

Mtoto amebangua korosho mbichi kwa meno na midomo imebabuka. Nifanye nini?

Swali hili huja hasa kuanzia Oktoba, korosho zinapokuwa zimejaa nyumbani. Ndani ya ganda mna mafuta mazito ya rangi ya kahawia yenye asidi anakadiki na kadoli, vitu vinavyounguza ngozi, na ndiyo maana wabanguaji hupaka mikono mafuta au majivu kabla ya kuanza kazi. Mtoto anayeuma ganda bichi hupata malengelenge midomoni, kwenye ulimi na pembeni mwa mdomo. Pengine siku ya kwanza huonekana wekundu tu, na kubabuka kukaja kesho yake.

Mwambie ateme, kisha asukutue kwa maji mengi safi. Ngozi ya nje ya mdomo ipanguswe kwa mafuta ya kupikia ili yayayeyushe mafuta ya ganda, halafu ioshwe kwa sabuni na maji. Mpe vyakula vya baridi na vilaini kama uji uliopoa, na umwepushe na ndimu na pilipili. Kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja hadi mbili. Akivimba ulimi, akikoroma anapopumua au akikataa hata maji, mpeleke hospitali. Ukakasi unaosikika kooni baada ya kula mabibo ni jambo jingine: huletwa na tanini na hupita wenyewe.

Bibi wa mtoto anasema mjukuu ana meno ya plastiki na lazima yatolewe. Je, ni kweli yapo?

Hayapo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona madhara yake.

Imani yenyewe inaeleweka inavyozaliwa. Mtoto wa miezi minne au sita anaharisha na ana homa. Mzazi anamfungua kinywa, anaona ufizi umetuna mahali pa jino la chonge na una weupe unaong'aa kama plastiki. Anaunganisha mambo mawili yaliyotokea wakati mmoja. Lakini ule weupe ni chonge la utotoni ambalo bado limelala ndani ya ufizi, na kila mtoto mwenye afya analo. Kuharisha kumetokana na vijidudu vya kwenye maji, chakula au mikono, na umri huo ndio hasa mtoto anapoanza kulishwa na kuokota kila kitu chini.

Anayechokonoa ufizi kwa spoku ya baiskeli, kisu au ukucha hutoa kijijino laini ambacho hakijakomaa, akakionyesha, na familia ikaamini. Hasara yake ni kubwa: kutokwa damu kwa mtoto ambaye tayari ana upungufu wa damu, pepopunda, vimelea kuingia kwenye damu, na kuharibika kwa mbegu ya chonge la ukubwani iliyo jirani kabisa, hata jino hilo likaja kuota limepinda au lisiote kamwe. Zaidi ya hayo yote, mtoto anaendelea kupoteza maji wakati watu wazima wanashughulika na ufizi.

Bibi mmoja aliniambia, baada ya kumsalimia na kumwonyesha ufizi wa mtoto mwingine mzima aliyekuwa kwenye foleni, "Kumbe na huyu anayo, mwanangu?" Sikuhitaji kumhutubia zaidi. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvichumvi maalumu ya ORS na vidonge vya zinki, aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati akiwa na homa, macho yaliyodidimia au damu kwenye choo.

Je, kikohozi kisichoisha kinatibiwa kwa kukata kimeo?

Hapana. Kimeo, ambacho wengine hukiita kilimi, ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na kazi yake mojawapo ni kusaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza. Kikivimba wakati wa mafua huonekana kirefu, kisha hurudi hali yake. Kukikata kwa wembe hakugusi nimonia, pumu wala kifua kikuu, ambavyo ndivyo vinavyomkohoza mtoto na kumkondesha. Kunacholeta ni damu isiyokatika, pepopunda, hatari ya VVU pale chombo kimoja kinapotumika kwa wengi, na miezi iliyopotea. Mtu yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu; kipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Nina utando mweupe mdomoni. Unatokana na nini?

Ukifutika kwa kitambaa safi na kuacha wekundu chini yake, mara nyingi ni fangasi aina ya kandida. Kwa mtoto mchanga ni jambo la kawaida na hutibiwa kwa matone ya nistatini, huku chuchu za mama nazo zikiangaliwa ili wasiambukizane kila anaponyonya. Kwa mtu mzima, utando huo unadai maelezo: pengine ametumia antibiotiki kwa muda mrefu, ana kisukari, anavaa meno ya bandia usiku kucha, au ana VVU. Ukiambatana na maumivu ya kumeza, huenda fangasi wameshafika kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na hapo kipimo cha VVU ni sehemu ya matibabu.

Utando usiofutika ni habari tofauti kabisa, na nitaurudia kwenye swali la ugoro.

Vidonda vidogo vya mdomoni vinavyorudi kila baada ya muda ni ugonjwa wa kuambukiza?

Vile vya duara, vyenye kitovu cheupe au cha manjano na ukingo mwekundu, vinavyotokea ndani ya shavu au chini ya ulimi, haviambukizi, na hupona ndani ya siku 7 hadi 14. Husababishwa na kujiuma, msongo wa mawazo, na wakati mwingine upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 au foliki asidi. Kula machungwa kwa wingi ili "kuongeza vitamini" huviunguza tu. Malengelenge ya pembeni mwa mdomo ambayo watu husema ni homa inatoka ni kitu kingine: ni virusi vya hepesi vinavyoamka mwili unapochoka kwa malaria au mafua, na hivyo vinaambukiza kwa busu na kwa kikombe cha pamoja.

Mwanangu amevimba chini ya masikio. Je, matumbwitumbwi yatamfanya awe tasa?

Matumbwitumbwi ni ugonjwa wa virusi unaovimbisha tezi kubwa za mate zilizo mbele na chini ya masikio, upande mmoja au pande zote mbili. Dalili huonekana takriban siku 16 hadi 18 baada ya kuambukizwa. Chanjo ya surua na rubela inayotolewa kliniki nchini haina kinga ya ugonjwa huu, kwa hiyo mzazi asishangae kuona mtoto aliyekamilisha chanjo zake zote ameupata.

Utasa ni nadra. Kwa mvulana ambaye hajabalehe, korodani kwa kawaida haziguswi. Kwa aliyebalehe, korodani inaweza kuvimba na kuuma sana, lakini mara nyingi huwa ni moja, na nyingine inatosha. Hata hivyo mwenye maumivu hayo aonwe na daktari, kama vile anavyopaswa kuonwa mtoto mwenye kichwa kinachouma sana pamoja na shingo ngumu, au maumivu makali ya tumbo. Wengine hawana tiba zaidi ya mapumziko, maji, vyakula laini na parasetamoli. Asprini asipewe mtoto. Abaki nyumbani siku 5 tangu uvimbe uanze. Wapo wanaopaka masizi ya chungu au bluu ya kufulia. Haviponyi, ila angalau vinawatangazia watoto wengine wakae mbali.

Chini ya taya langu huvimba ninapokula, kisha hupungua. Ni nini?

Maelezo hayo peke yake yanakaribia kutosha kuutambua ugonjwa: ni kijiwe kilichoziba mrija wa tezi ya mate. Zaidi ya asilimia 80 ya vijiwe hivi hutokea kwenye tezi iliyo chini ya taya, kwa sababu mate yake ni mazito na mrija wake unapanda juu. Tezi hutengeneza mate mtu anapoanza kula, au hata anapoufikiria ukwaju, nayo yanakosa pa kutokea. Kijiwe kidogo huweza kutoka kwa kunywa maji mengi, kunyonya ndimu na kuikanda tezi kutoka nyuma kwenda mbele. Kikubwa huondolewa na daktari. Ukiona homa, au usaha ukitoka chini ya ulimi, usikande, nenda hospitali.

Uvimbe usiofuata saa za chakula, mgumu, usiouma, unaokua polepole kwa miezi, huo ni wa kupimwa kwa kuchukua kinyama kidogo. Ukiambatana na uso kupooza upande mmoja, usicheleweshe hata wiki.

Mdomo wangu ni mkavu muda wote. Je, ni kisukari?

Inawezekana, na kipimo chake ni tone moja la damu. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na yakipungua, meno huoza haraka hasa shingoni mwa jino karibu na ufizi. Sababu ya mara kwa mara zaidi, hasa kwa wazee, ni dawa: baadhi ya zile za shinikizo la damu, mzio na magonjwa ya akili. Usiziache mwenyewe, muulize aliyekuandikia. Wakati wa Ramadhani ukavu wa mchana ni wa kawaida, na kuswaki vizuri baada ya daku kwa dawa yenye floraidi husaidia kuliko kusukutua mara mia.

Mwiba wa samaki umenikwama kooni. Je, nimeze tonge kavu la ugali?

Ushauri huu tumeurithi sote, nami nililishwa tonge hilo utotoni. Ubaya wake ni kwamba mwiba uliochoma juu juu kwenye tezi za koo, ambao tabibu angeuona kwa tochi na kuutoa kwa koleo dakika moja, unaweza kusukumwa ukachoma ndani zaidi. Kunywa maji kidogo, kohoa, kisha acha. Usiingize vidole.

Mara nyingine mwiba umeshapita na kilichobaki ni mkwaruzo unaouma mithili ya mwiba. Mkwaruzo hupungua siku hadi siku. Usipopungua ndani ya saa 24, au mgonjwa akishindwa kumeza mate, akapata homa, maumivu ya kifua, au ngozi ya shingo ikibonyezwa ikachakarika kama mchanga mkavu, basi umio huenda umetoboka, na hiyo ni dharura ya hospitali kubwa.

Mtoto amekunywa kostiki soda ya kutengenezea sabuni, au amemeza betri ndogo ya duara. Je, nimtapishe?

Usimtapishe kamwe. Kilichounguza umio wakati wa kushuka kitaunguza tena kikipanda. Usimpe mafuta, wala maziwa mengi kwa nguvu. Mfute mdomo na umkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Betri ya duara iliyokwama kwenye umio huweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2 tu, hata kama mtoto anacheza vizuri, kwa hiyo picha ya eksirei haisubiri kesho. Tena tafadhali, kostiki isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda.

Kiungulia kinanisumbua kila usiku. Nitumie majivu au magadi?

Usitumie. Vinapoza kwa muda mfupi, kisha vinakuongezea madhara mengine. Kiungulia ni asidi ya tumbo inayopanda kwenye umio kwa sababu mlango ulio kati yao umelegea. Kula mapema, angalau saa 3 kabla ya kulala; inua upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali chini ya miguu yake, si kwa kurundika mito; lala kwa ubavu wa kushoto. Punguza uraka (pombe ya mabibo), sigara na vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta mengi. Mwanamke mjamzito hupata kiungulia bila kosa lolote lake, na wengi hupona wakishajifungua. Maumivu ya kifua yanayokuja ukitembea au kubeba mzigo na kushuka mkono wa kushoto yasiitwe kiungulia. Yawezekana ni moyo.

Nimeambiwa nina vidonda vya tumbo. Je, ni kweli vinaletwa na pilipili na mawazo?

Hapa Tanzania karibu kila maumivu ya chembe cha moyo huitwa vidonda vya tumbo, na wengi waliopewa jina hilo hawajawahi kupimwa. Pilipili na mawazo huongeza maumivu, havichimbi kidonda. Sababu kuu ni mbili. Ya kwanza ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walifanikiwa kumkuza maabara mwaka 1982. Madaktari wenzao walikataa kuamini kwamba kiumbe kinaweza kuishi kwenye asidi, mpaka Marshall akainywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao na kuugua. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli.

Sababu ya pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na asprini. Mkulima anayezimeza kila jioni msimu mzima wa kupalilia kwa ajili ya mgongo, tumbo likiwa tupu, anajichimbia kidonda polepole.

Kipimo cha kinyesi huonyesha kama bakteria wapo sasa; kile cha damu kinaweza kuonyesha hata maambukizi yaliyokwisha zamani. Acha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wiki 2 kabla ya kipimo cha kinyesi, na antibiotiki wiki 4, vinginevyo jibu linaweza kudanganya. Wakipatikana, tiba ni omeprazoli pamoja na antibiotiki zaidi ya moja, mara nyingi kwa siku 14, bila kukatisha. Anayetapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au anayepata choo cheusi kinachong'aa kama lami, aende hospitali mara moja.

Chakula kinakwama kifuani. Ninaposhushia kwa maji kinapita. Je, nisubiri?

Usisubiri. Saratani ya umio iko kwa kiwango kikubwa katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, na huanza hivi hivi: kwanza nyama, kisha ugali, kisha wali, baadaye uji, mwisho maji. Kwa kuwa mabadiliko huja taratibu, mgonjwa hujizoesha bila kujua. Anaanza kuloweka tonge kwenye mchuzi, anaacha kula na wenzake kwa aibu ya kuchelewa, mkanda unaongezwa tundu. Sigara na pombe kali huongeza hatari, na vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, vimetajwa na wataalamu wa saratani mwaka 2016 kuwa huenda navyo vinachangia. Kipimo ni mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa mdomoni. Kidonda kikigunduliwa mgonjwa angali anakula ugali, ana nafasi ya matibabu. Akifika wakati wa uji, mara nyingi kinachobaki ni kumsaidia ameze.

Ninaweka ugoro chini ya mdomo kwa miaka mingi bila tatizo. Kwa nini niache?

Kwa sababu tatizo lake halina maumivu mwanzoni. Pale ugoro unapokaa, ngozi hukunjamana na kuwa nyeupe au nyekundu, na weupe huo haufutiki. Baadhi ya mabaka hayo hugeuka saratani. Simama mlangoni penye mwanga, vuta mdomo wa chini, angalia, kisha toa ulimi na utazame pande zake na chini yake. Kidonda, baka au uvimbe wowote uliodumu zaidi ya wiki 3 mwonyeshe daktari, na usikubali kupewa dawa ya kupaka mara ya tatu bila kuchukuliwa kinyama cha kupimwa.

Taya la mtoto linavimba na meno yanalegea, lakini hana jino bovu.

Likikua kwa siku na wiki, fikiria saratani iitwayo Burkitt, inayowapata watoto katika maeneo yenye malaria nyingi kama mikoa yetu hii. Usiruhusu meno hayo yang'olewe. Hukua haraka mno, lakini huitikia vizuri dawa za saratani zikianza mapema. Kwa kijana, uvimbe wa taya unaokua kwa miaka bila maumivu mara nyingi si saratani, ila hula mfupa, na upasuaji wake ukiwa mdogo ni mwepesi zaidi.

Nianzie wapi, na niende na nini?

Zahanati inaweza kukuandikia rufaa na kutibu fangasi, kuharisha na maumivu. Kwa jino, anza hospitali ya wilaya, au kituo cha afya chenye tabibu wa meno. Kwa uvimbe, kidonda kisichopona au kukwama kwa chakula, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, Mtwara. Wa Masasi wako karibu na hospitali ya Ndanda, na wa bara ya Lindi wako karibu na ile ya Nyangao. Saratani hupelekwa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Beba dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji, bila kuona haya, na uandike tarehe uliyoona dalili kwa mara ya kwanza. Kama unakwenda kwa kipimo cha kamera, uliza kwanza siku kinapofanyika, usile chochote kwa saa 6 hadi 8 kabla yake, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa kuwa ukichomwa sindano ya usingizi hutaruhusiwa kupanda bodaboda peke yako.